Kukagua kampuni inayoyumba: tafuta siku ambayo fedha zitakwisha

Kampuni inaweza kupata hasara miaka mitatu mfululizo na bado ikalipa mishahara kila mwisho wa mwezi. Nyingine hutangaza faida, kisha ikashindwa kulipa ankara ya umeme. Tofauti iko kwenye fedha taslimu. Kwa hiyo kwako mkaguzi wa hesabu, swali la uendelevu wa biashara (kama kampuni itaweza kuendelea na kazi zake), likivuliwa lugha nzito ya vitabu, ni swali la tarehe: katika kipindi kijacho unachokipima, ni siku gani kampuni hii itakosa fedha za kulipa kile inachopaswa kulipa? Kila hatua iliyo hapa chini inakusaidia kuitafuta tarehe hiyo, au kuthibitisha kwamba haimo.

Kiwango kinachokuongoza ni ISA 570, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu uendelevu, ambacho wakaguzi wa Kenya hukifuata chini ya ICPAK, taasisi ya wahasibu. Kwa upande wa uhasibu, IAS 1, kiwango cha kimataifa cha kuwasilisha hesabu, inawataka wasimamizi wafanye tathmini ya angalau miezi 12 kuanzia mwisho wa mwaka wa hesabu. Neno “angalau” lina uzito wake. Ukijua kuna mkopo mkubwa unaoiva mwezi wa 13, huwezi kuufumbia macho. Toleo jipya la ISA 570, litakalotumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye, linauhesabu muda huo kuanzia siku wakurugenzi wanapoidhinisha hesabu. Kwa kampuni zinazochelewa kufunga vitabu, hiyo ni nyongeza ya miezi kadhaa, na ni vyema uanze kuomba makadirio ya fedha ya muda mrefu zaidi sasa hivi.

Tathmini ni ya wakurugenzi

Hili huvurugika zaidi katika ofisi ndogo za ukaguzi. Mteja hana mhasibu mwenye uzoefu, anakuambia, “Tutengenezee hayo makadirio, wewe ndiye mtaalamu,” nawe unafungua Excel. Ukishafanya hivyo umekuwa mwandishi wa kile unachopaswa kukikagua, na uhuru wako umekwenda. Mpe orodha ya mambo ambayo tathmini lazima iyaguse, mpe tarehe ya mwisho ya kuileta, kisha ngoja. Wakikataa kuifanya, au wakikataa kuirefusha ifike miezi 12, hilo lenyewe lina athari kwenye ripoti yako, na ni haki yao kuambiwa mapema.

Hatua ya 1: Soma dalili kabla ya kusoma uwiano

Uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi ukokotoe, ndiyo, lakini usiutegemee sana. Ni picha ya siku moja, na ni siku ambayo mteja alikuwa na mwaka mzima wa kujipanga kwa ajili yake. Alama ya Altman ya mwaka 1968, inayokisia hatari ya kufilisika, nayo hutumiwa sana: chini ya 1.81 ni hatari, juu ya 2.99 ni salama. Ilitokana na viwanda vya Marekani vilivyouza hisa kwa umma. Kwa karakana ya Kariobangi, Nairobi, ichukue kama kidokezo tu.

Dalili zenye nguvu zaidi ziko kwenye karatasi za kawaida za ofisini:

Chukua taarifa za benki za miezi 12 uandike tarehe ambayo mishahara ilitoka kila mwezi. Ukiona tarehe 28, 28, 30, kisha 4, 9, 15, na mwezi wa mwisho mishahara imegawanywa mara mbili, umeshapata mchoro wa kampuni inayoishiwa pumzi. Kazi hii haichukui hata dakika 20, na ni vigumu mteja kuibishia.

Kisha fuata makato. PAYE, kodi ya mishahara, inapaswa kufika KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT tarehe 20. Kampuni inayobanwa huanza “kukopa” hapo hapo, kwa sababu KRA haipigi simu kila asubuhi kama msambazaji. Linganisha orodha ya mishahara na stakabadhi za malipo ya PAYE, NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ushuru wa nyumba, mwezi kwa mwezi. Usisahau makato ya Sacco. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi na haikufika kwenye chama chake ni deni, na mara nyingi haimo kwenye vitabu kama deni lililochelewa.

Tazama masharti ya wasambazaji. Aliyekuwa akitoa mali kwa mkopo wa siku 30 na sasa anataka alipwe kabla lori halijapakiwa ameshafanya tathmini yake mwenyewe ya uendelevu, na pengine anaijua kampuni hiyo kuliko wewe. Pitia vishina vya kitabu cha hundi, utafute hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Zijumlishe kwa tarehe zake, kwa sababu kila moja ni ahadi ya kulipa ambayo makadirio ya mteja huenda yameisahau. Hundi zilizorudi zitaonekana kwenye taarifa ya benki kupitia ada zake.

Hatua ya 2: Uliza watu wa nje

Usikae ofisini kwa mteja tu. Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, itakuonyesha wakurugenzi, wanahisa na dhamana zilizosajiliwa juu ya kampuni. Sajili ya haki za dhamana juu ya mali zinazohamishika, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2017, itakuonyesha kama mashine, stoki au hata madeni ya wateja yamewekwa rehani kwa mkopeshaji ambaye hukutajiwa. Omba barua za uthibitisho kutoka benki zote, zikiwemo zile ambazo mteja anasema “tuliacha kuzitumia”. Pitia leja ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, mteja akiwa ameketi kando yako na ameifungua mwenyewe, si picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp.

Kwa kesi, mwandikie wakili wa kampuni moja kwa moja, utafute jina la kampuni kwenye kumbukumbu za mahakama ya Milimani, na uangalie matangazo ya ufilisi kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Tarakimu mbili za kukumbuka: chini ya kifungu cha 384 cha Sheria ya Ufilisi ya 2015, mdai anayedai Sh100,000 au zaidi akitoa dai la maandishi na siku 21 zikapita bila kulipwa, kampuni huhesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kampuni ya kawaida ya Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi. Barua moja ya dai iliyosahaulika kwenye droo ya sekretari inaweza kufungua mlango wa ombi la kuifilisi. Omba faili la barua zote zilizoingia, si barua walizokuchagulia. Humo ndimo utakapokuta pia notisi ya siku 7 ya dalali wa mahakama kabla ya kubeba mali.

KRA nayo ina njia yake. Chini ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Taratibu za Kodi, inaweza kuiagiza benki ya mteja, au hata wateja wake, wailipe moja kwa moja fedha wanazomshikia. Ndiyo maana malimbikizo ya kodi hayafai kuwekwa kwenye kundi la “madeni yanayoweza kungoja”.

Hatua ya 3: Livunje jedwali la fedha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo saa zako nyingi zinapaswa kwenda. Dai makadirio ya mtiririko wa fedha ya mwezi kwa mwezi kwa kipindi chote, na kwa wiki 13 za kwanza yawe ya wiki kwa wiki. Jedwali la mwezi huficha mengi. Kampuni inaweza kufunga mwezi ikiwa na Sh3 milioni na bado ikawa ilikwama tarehe 9.

Chukua mfano huu wa kubuni. Kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki karibu na Barabara ya Enterprise, mwaka wake unaishia Desemba 31, 2024, nawe unakagua mwishoni mwa Machi 2025. Ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya salio, ina kikomo cha Sh20 milioni, na Sh14.2 milioni zimeshatumika. Imebaki nafasi ya Sh5.8 milioni. Makadirio ya wakurugenzi, VAT ikiwa ndani, yanasema hivi kwa mwezi: fedha zinazoingia Sh18 milioni, zinazotoka ni malighafi 7.2, mishahara 3.2, umeme 1.6, marejesho ya mkopo 1.5, kodi 1.7, na pango, usafiri na mengineyo 1.6. Jumla ya zinazotoka ni Sh16.8 milioni. Kila mwezi inabaki ziada ya Sh1.2 milioni. Kwenye karatasi, hakuna tatizo.

Anza kwa kulipima jedwali hilo kwa historia yake. Mwaka jana walikadiria mauzo ya Sh216 milioni, wakauza Sh180 milioni. Walikosea kwa sehemu moja ya sita. Mwaka huu wameandika Sh216 milioni tena. Waulize ni mteja gani mpya, ni mkataba upi, ni oda ipi. Kama hakuna jibu lenye karatasi, rudi kwenye Sh15 milioni kwa mwezi.

Kisha siku za kukusanya madeni. Wateja wanadaiwa Sh44.4 milioni, gawanya kwa 180, zidisha kwa 365, unapata siku 90. Jedwali la wakurugenzi linadhani siku 45. Usikubali maelezo kwamba “tumeajiri mtu wa kufuatilia madeni”. Angalia ni kina nani wanaodaiwa. Nairobi inalijua vizuri somo hili: Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilipowekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Januari 2018, wasambazaji walibaki na ankara mikononi, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ya kuifunga. Kama thuluthi ya madeni ya kiwanda chako yako kwa duka moja kubwa, basi unakagua uwezo wa duka hilo pia. Tafuta malipo yaliyoingia baada ya mwaka kuisha, ankara kwa ankara.

Sasa lijenge upya. Zinazoingia Sh15 milioni. Malighafi zinashuka pamoja na mauzo hadi Sh6 milioni. Mengine, kwa tahadhari, yaache yalivyo. Zinazotoka ni Sh15.6 milioni. Ile ziada ya Sh1.2 milioni imegeuka upungufu wa Sh0.6 milioni kila mwezi. Kwenye leja ya iTax ulikuta pia malimbikizo ya PAYE ya Sh2.4 milioni, ambayo mteja amekubali kuyalipa kwa awamu tatu za Sh0.8 milioni, Aprili hadi Juni. Hayamo kwenye jedwali lake hata kidogo.

Hesabu inakwenda hivi: Aprili, Mei na Juni upungufu ni Sh1.4 milioni kila mwezi, na nafasi ya ovadrafti inashuka kutoka 5.8 hadi 1.6. Julai inabaki 1.0. Agosti 0.4. Septemba imepita kikomo kwa Sh0.2 milioni. Umeshapata tarehe: Septemba 2025, ndani kabisa ya kipindi cha tathmini.

Lakini soma barua ya ovadrafti yenyewe. Inakwisha Julai 31 na itafanyiwa mapitio. Tarehe halisi basi ni Julai 31, na kampuni haitafika Septemba bila idhini ya benki. Tofauti hii kati ya siku fedha zinapokwisha na siku mtu mwingine anapopata uwezo wa kuzikata hukosewa mara nyingi mno.

Jambo la mwisho kuhusu jedwali: linapaswa kuwa lile lile linalotumika kwingineko kwenye hesabu. Ukikuta makadirio ya huzuni yamepelekwa benki kuomba nafuu, ya kati yametumika kwa uendelevu, na ya furaha yametumika kutetea thamani ya mashine na mali ya kodi iliyoahirishwa (nafuu ya kodi inayotarajiwa baadaye), yaweke mezani yote matatu uulize ni lipi wakurugenzi wanaloliamini.

Hatua ya 4: Soma masharti ya mkopo hadi mstari wa mwisho

Orodhesha kila sharti la mikopo yote, kokotoa mwenyewe kama lilitimizwa siku ya mwisho wa mwaka, kisha kokotoa kwa kila tarehe ya kupimwa ndani ya kipindi kijacho. Kosa linalorudiwa ni hili: sharti lilivunjwa Desemba, benki ikatoa barua ya msamaha Februari, na mhasibu akauacha mkopo kwenye madeni ya muda mrefu. IAS 1 hairuhusu. Kama msamaha haukuwepo kufikia siku ya mwisho wa mwaka, mkopo ambao benki ingeweza kuudai papo hapo unahamia kwenye madeni ya muda mfupi, hata kama barua imefika kabla ya hesabu kusainiwa. Barua ya Februari ina thamani kwenye tathmini ya uendelevu, lakini haibadilishi mahali pa deni.

Angalia pia kama kuvunja sharti la benki moja kunaipa benki nyingine haki ya kudai. Kifungu hicho hukaa mwishoni mwa mkataba, kwenye maandishi madogo.

Hatua ya 5: Pima mipango ya uokoaji kwa kalenda

Kila mpango uulize mambo mawili: je, wakurugenzi wanaweza kuutekeleza kweli, na fedha zitaingia lini?

Mkurugenzi wa kiwanda chetu anasema atauza ploti yake ya Ruiru na kuingiza Sh10 milioni. Fanya upekuzi rasmi wa hati miliki. Jina ni lake, au ni la familia? Kuna rehani juu yake? Kama ni mali ya ndoa, mwenzi wake ameridhia? Kuna mnunuzi mwenye mkataba, au kuna bango tu getini? Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 anaposaini, na salio huja siku 90 baadaye. Mkataba ukisainiwa katikati ya Mei, salio la Sh9 milioni litafika katikati ya Agosti, wiki mbili baada ya ovadrafti kuisha. Mpango unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukachelewa. Onyesha kwenye faili kwamba uliiweka fedha kwenye mwezi wake.

Fedha hiyo ikiingia kama mkopo wa mkurugenzi, pata makubaliano yaliyosainiwa kwamba hataidai kabla wadai wengine hawajalipwa, na kwa muda gani.

Barua ya kuungwa mkono kutoka kampuni mama nayo ina mitego. Isome: inasema “tutaisaidia” au “tuna nia ya kuisaidia”? Inafika hadi mwisho wa kipindi? Aliyesaini ana mamlaka ya bodi? Kisha omba hesabu za huyo anayeahidi. Kampuni mama iliyo Dubai au London na isiyo na fedha haitaokoa mtu, hata barua yake ikiwa na nembo ya kupendeza.

Kwa benki, omba ruhusa ya mteja uzungumze na meneja anayeishughulikia akaunti. Hatakuahidi kuirefusha ovadrafti, na si lazima aahidi. Unatafuta kujua kama maombi yameshawasilishwa, yako ngazi gani, na kama kuna jambo baya ambalo mteja hajakuambia.

Hatua ya 6: Amua, kisha andika

Ukishapima yote, unasimama kwenye mojawapo ya sehemu hizi.

Tarehe haimo, au mipango inaiondoa kwa ushahidi thabiti: hakuna sehemu maalumu ya kuongeza. Lakini kama ilikuwa karibu sana, wakurugenzi waeleze kwenye hesabu ni uamuzi gani mgumu walioufanya.

Tarehe imo, mipango ipo lakini inategemea watu wengine, na hesabu zinaeleza hivyo waziwazi: maoni yako yanabaki safi, na unaongeza sehemu yenye kichwa kinachotaja hali kubwa ya kutokuwa na uhakika kuhusu uendelevu wa biashara, ukielekeza kwenye dokezo husika, yaani maelezo yaliyoambatanishwa na hesabu. Kiwanda chetu kiko hapa.

Hali ni hiyo hiyo lakini dokezo limefichaficha: maoni yenye kasoro (unazikubali hesabu isipokuwa jambo hilo) au maoni hasi (unazikataa hesabu nzima), kulingana na uzito. Dokezo linalosema “kampuni inakabiliwa na mazingira magumu ya kiuchumi” halijasema kitu. Dokezo linalotosha lina tarakimu na tarehe: ovadrafti ya Sh20 milioni inakwisha Julai 31, 2025, kurefushwa kwake hakujathibitishwa, na bila huko kampuni huenda isiweze kulipa madeni yake.

Hesabu zimeandaliwa kwa msingi wa uendelevu ilhali kampuni imekwisha kweli: maoni hasi, hata wangeeleza vipi kwenye madokezo. Na kama wakurugenzi, baada ya mwaka kuisha, wameamua kuifunga kampuni au hawana njia nyingine ila kuifunga, IAS 10, kiwango cha matukio ya baada ya mwisho wa mwaka, inawakataza kuutumia msingi huo.

Wakurugenzi watakuambia kwamba sehemu hiyo ya ripoti ndiyo itakayoiua kampuni, kwamba benki ikiiona itadai mkopo. Wasikilize kwa heshima, kwa sababu hofu yao ni ya kweli na nyuma yao kuna wafanyakazi wenye watoto shuleni. Lakini benki inaziona akaunti zao kila siku, na msambazaji anayetoa mali kwa mkopo ana haki ya kujua kile ambacho wewe umekiona. Kinachopunguza makali ni kuwaambia mapema. Mazungumzo haya yafanywe Oktoba au Novemba, wakati bado wanaweza kuzungumza na benki kuhusu kurefusha, na sio Machi usiku wa kuamkia kusaini.

Siku ya kusaini

Barua ya uwakilishi, ambamo wakurugenzi wanathibitisha kwa maandishi walichokuambia, iwe na mipango yao, uwezekano wa kuitekeleza, na tarehe ile ile ya ripoti yako. Asubuhi hiyo omba salio la benki la siku hiyo ulilinganishe na wiki husika kwenye lile jedwali la wiki 13. Kwenye kiwanda chetu, kama jedwali lilisema ovadrafti ingekuwa Sh15.6 milioni mwisho wa Aprili na benki inaonyesha Sh17.1 milioni, weka kalamu chini. Upungufu wa ziada wa Sh1.5 milioni ndani ya mwezi mmoja unazisogeza tarehe zote, na jedwali linarudi kwa mteja.